Nyumba ya Mjane Huko Kimyani

Mwenye la kusema na aliseme sasa hivi, maana hadithi ninayoileta ni ya nchi ambayo mtu akifunga mdomo amekwisha. Msije mkanilaumu baadaye.

Mwanamke aitwaye Sikudhani binti Mfaume hakuwa mtu wa kufunga mdomo. Alikuwa akikaanga samaki sokoni, na wateja wake walizoea kusema kwamba kwake ukinunua samaki, maneno unapewa nyongeza. Siku ilipomfikia habari kwamba shemeji yake Mshamu amefariki, mume wa mdogo wake Mwajabu aliyeolewa mbali huko Kimyani, alizima jiko, akafunga kanga zake, akapita kwa baba yake mkubwa kuaga. Huyo ndiye Mzee Kibwana, kaka wa marehemu baba yao. Tangu baba mtu afariki, nyumba aliyowaachia mabinti zake wawili ilikuwa "inaangaliwa" na Mzee Kibwana, na kuangalia kwenyewe ni kwamba vyumba vingine vyote ametia wapangaji, na chumba cha mbele amemweka mwanawe.

"Ukifika kwa watu, mwanangu, nyamaza," Mzee Kibwana alimwambia. "Mgeni hana kauli. Na mwanamke akinyamaza anajisitiri."

"Sawa, Baba mkubwa. Na ile nyumba ya baba tutaizungumza lini?"

"Aka! Watu wako msibani, wewe unataja nyumba? Kahani msiba kwanza. Nyumba haina miguu, haiendi mahali."

Sikudhani alimeza hasira yake, akaenda. Habari za njia msiniulize, njia ni njia. Kimyani kunaanzia langoni, na langoni amekaa bwana mnene mwenye kanzu nyeupe pe, kazi yake kupokea wageni. Alimlaki Sikudhani kwa adabu zote, akampa kiti, akampa kata ya maji baridi. Sikudhani alikuwa na kiu ya kufa mtu. Akaibugia ile kata, na mashavu yalipojaa yule bwana akainama, akamwuliza kwa sauti laini:

"Je, mgeni, uko radhi kushika sheria zetu zote, na ukikosa uhukumiwe bila kujitetea?"

Sikudhani alimeza haraka, maji yakampalia, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Kikohozi si neno," alisema yule bwana. "Umenyamaza, basi umekubali. Karibu sana Kimyani."

"Umeniuliza nina maji mdomoni!"

"Ndiyo, bibi. Ndiyo maana tunawapa maji."

Wala hakuwa akimfanyia mzaha. Alisema vile kama mtu anayekueleza msikiti uko upande gani. Sikudhani akajua amefika penye kazi.

Mji wenyewe ulikuwa msafi, baraza zimefagiwa, watu wapole. Lakini kadiri alivyotembea aliona mambo. Aliona matajiri wakipita njiani wanasema peke yao bila kupumzika, habari za mvua, habari za mbuzi, habari zisizo na kichwa wala miguu, ili mradi mdomo usitulie. Nyuma ya kila tajiri alitembea mtu mwenye joho jeusi. Tajiri akichoka kusema, au akitia tonge mdomoni, yule wa joho hudakia: "Sikubali, sikubali, sikubali," mpaka bwana wake ameze. Aliambiwa hao wanaitwa wakataaji. Wamesomea ukataaji miaka mingi, na mtu wa kawaida hawezi kumweka mkataaji hata akiuza godoro analolalia.

Nyumbani kwa Mwajabu alipokewa na jirani, mwanamke mwembamba aitwaye Somoe aliyekuwa amepanga chumba ng'ambo ya njia. Mwajabu mwenyewe alikuwa ameketi mkekani chumbani, na mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe kilichokazwa kisogoni. Dada mtu akamkumbatia, akalia, akamwita majina yote ya utotoni. Mwajabu alitoa machozi, lakini sauti hakutoa.

"Kafanya nini mdogo wangu hata afungwe kama mbuzi mla mazao?" Sikudhani alifoka.

"Taratibu, dada," Somoe alimshika mkono. "Hakufanya kitu. Amefiwa."

Ndipo Somoe akamweleza. Huko Kimyani mwanamke akifiwa na mumewe, wifi yake humfunga kitambaa mdomoni, na hakifunguliwi mpaka eda iishe. Hukiinua kula tu, tena akiwa peke yake. Akitamka neno moja kabla ya hapo, inahesabika kwamba hakumpenda marehemu. Na mke asiyempenda mumewe, kwa sheria ya pale, hakuwa mke kabisa. Alikuwa mpangaji.

"Haya, na mambo ya nyumba na watoto yanaamuliwa lini?"

"Ndani ya eda. Ili yasilale."

"Na anayenyamaza?"

"Amekubali."

Sikudhani aliketi chini taratibu. Aliyapanga yale maneno kichwani, akayapangua, akayapanga tena, na kila alivyoyapanga yalitoka vilevile. Ukisema, umefukuzwa kwa sababu umesema. Ukinyamaza, umefukuzwa kwa sababu umenyamaza. Aliona damu inamchemka mpaka masikioni.

"Nani aliyetunga ushetani huu?"

"Wenye ndugu waliooa," alijibu Somoe. "Kesho kutwa shemeji yake, Bwana Chande, anampeleka Baraza la Masikio. Anaitaka nyumba, na watoto anawataka pia. Watoto wameshaulizwa."

"Waliulizwa nini? Watoto wenyewe wadogo!"

"Waliulizwa kama wako radhi kuhamia kwa baba mdogo. Walikuwa wamelala. Hawakukataa."

Sikudhani alimtazama mdogo wake. Mwajabu alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu, kushoto na kulia, kulia na kushoto, mpaka kitambaa kikalegea.

"Si huyo anakataa? Humwoni?"

"Kichwa hakina ulimi," alisema Somoe kwa huzuni. "Imeshahukumiwa zamani."

Nyumba ile, nikwambieni, Mwajabu hakuikuta imesimama. Aliijenga na mumewe. Yeye ndiye aliyechota maji, yeye ndiye aliyekanyaga udongo kwa miguu na kukandika kuta kwa viganja, na ukipeleka taa karibu na ukuta wa chumba cha nyuma utaviona vidole vyake mpaka leo. Chande wakati huo alikuwa hata hajaijua njia ya kufika pale. Aliijua siku ya mazishi.

Siku iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, ngoma ililia na mji mzima ukalala. Hiyo nayo ni sheria: jua likiwa kali kila mtu alale. Sikudhani hakulala. Alichungulia dirishani akaona wenye nyumba wametoka, kila mmoja anapita kwa wapangaji wake ananyatia, anainama dirishani, ananong'ona. Mwenye nyumba wa Somoe naye alikuja. Alipachika mdomo kwenye upenyo wa dirisha.

"Je, Somoe, uko radhi paa livuje hivyohivyo mwaka huu pia?"

Ndani mkoromo tu. Yule bwana akatabasamu, akaenda zake.

Somoe alipoamka na kuambiwa, hakushangaa. "Mwaka jana aliniuliza kama niko radhi choo kisizibuliwe. Nililala pia."

"Basi mfuate! Mwambie hukubali!"

"Nilimfuata. Mwenye nyumba ana haki ya kutosikia, dada. Iko kwenye sheria. Unapiga kelele mlangoni kwake na yeye anakutazama hivi, anakwambia, 'Wasema?'"

"Kwa nini usikae macho mchana kama mimi?"

"Nafua nguo za watu tangu alfajiri. Ngoma ikilia mwili unaanguka wenyewe."

Sikudhani akabaki na hasira zake, na hasira zisizo na pa kwenda ni mzigo mzito.

Siku ya Baraza ikafika. Ukumbi ulijaa. Juu ya jukwaa aliketi hakimu wao, anayeitwa Sikio Kuu, mzee mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na pembeni yake Masikio Madogo watatu, ambao kazi yao ni kusikiliza kama kimya kimekamilika. Kesi ya Mwajabu haikuwa ya kwanza. Kwanza aliletwa mzee mmoja mwenye mvi aliyepiga chafya usingizini wakati mwenye nyumba alipomwuliza kama yuko radhi kuhama. Je, chafya ni neno? Masikio Madogo walilijadili kwa kina. Mmoja alisema chafya ni hewa. Wa pili alisema chafya ina herufi, na akapiga moja kuonyesha. Wa tatu aliomba muda wa kufikiri, na ilionekana alikuwa ameuomba tangu mzee yule akiwa kijana. Kesi ikaahirishwa, mzee akarudi kulala barazani kwa watu.

Kisha akaja mwanamke na mtoto mgongoni, mtoto kakondeana, shingo kama ya kifaranga. Alimshitaki mumewe kwamba amewatelekeza. Mume alikuwapo, amekaa na kofia yake nzuri, mkataaji wake pembeni.

"Je, bwana," aliuliza Sikio Kuu, "watoto wako unawatunza?"

Mkataaji alimgusa bwana wake begani. Bwana akanyamaza kimya.

"Amenyamaza, basi amekubali kwamba anawatunza," alisema Sikio Kuu. "Mama, nenda nyumbani ukale."

"Nikale nini?" yule mwanamke alilia. Lakini ngoma ilikuwa imeshapigwa, na askari walishamgeuza kuelekea mlangoni.

Kesi ya nyumba ya marehemu Mshamu ikaitwa. Mwajabu alisimamishwa katikati, kitambaa mdomoni, macho chini. Bwana Chande alikuja na mkataaji wake na tabasamu lake. Sheria inataka swali liulizwe mara tatu.

"Je, mjane," Sikio Kuu aliuliza, "uko radhi nyumba ya marehemu na watoto wa marehemu viende kwa ndugu yake Chande?"

Kimya.

"Hapana!" Sikudhani aliruka kitini. "Hayuko radhi! Nyie watu mna wazimu au mnajifanya? Mmemfunga mdomo halafu mnamwuliza! Hata mwizi wa kuku anaachwa ajitetee! Nyumba hii kaijenga kwa mikono yake, watoto kawazaa kwa uchungu wake, huyu Chande kazaa nini, kajenga nini, zaidi ya hilo tabasamu lake la fisi?"

Ukumbi ulivuma. Sikio Kuu hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia Sikudhani uchungu zaidi.

"Bibi, langoni uliulizwa kama uko radhi kushika sheria zetu. Ulikataa?"

"Nilikuwa na maji mdomoni!"

"Basi hukukataa. Na sheria yetu ni kwamba kauli ya mgeni ni upepo. Fungeni dirisha," aliwaambia askari, na askari walielewa. Walimshika Sikudhani mikono wakamtoa nje, wakamwacha karibu na dirisha ambalo, ashukuriwe Mungu, halikuwa likifungika vizuri. Akaweka jicho penye upenyo.

Swali likaulizwa mara ya pili. Kimya. Masikio Madogo wakatikisa vichwa kuridhia kwamba kimya kimekamilika. Chande alikuwa ameshaanza kusimama, anakunjua kanzu yake kama mtu anayejiandaa kwenda kukagua mali.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho. Je, mjane, uko radhi?"

Mwajabu aliinua mikono. Akapeleka vidole kisogoni, akafungua fundo bila haraka, akakishika kile kitambaa mkononi.

"Sikubali," alisema.

Sauti ilikwaruza, maana haikuwa imetumika kwa muda mrefu. Lakini ilisikika mpaka nje. Sikudhani alijikuta analia na kucheka kwa pamoja, kashika vyuma vya dirisha. Ndani, Sikio Dogo wa kwanza alidai amesikia kikohozi. Wa pili alidai ni chafya. Wa tatu aliomba muda wa kufikiri.

"Si kikohozi," alisema Mwajabu. "Nasema sikubali. Sikubali nyumba iende, sikubali wanangu waende. Udongo wa kuta zile niliukanyaga mimi, na mimba ya mwanangu wa pili tumboni. Mshamu alikuwa akiniambia nipumzike, nikamwambia nitapumzika tukishaingia ndani. Na leo niko ndani. Sitoki."

Chande aliona nyumba inamponyoka, akapata sauti ya ghafla, wala hakumngoja mkataaji wake.

"Mmemsikia! Kasema ndani ya eda! Mumewe hata hajapoa kaburini, yeye anabwabwaja barazani! Huyu hakumpenda ndugu yangu. Na mke asiyempenda mume si mke, ni mpangaji. Na mpangaji wa marehemu ni mpangaji wangu. Namtoa leo hii!"

Watu waliitikia, "Kweli! Kweli!" Maana sheria ndivyo ilivyosema, na Wakimyani kwa sheria wako tayari kumzika mtu akiwa hai. Sikudhani nje alikandamiza uso kwenye upenyo wa dirisha. Aliona jinsi mtego ulivyofunga. Alijuta kwa nini hakumtorosha mdogo wake na watoto jana mchana, mji ulipokuwa umelala.

Sikio Kuu aliinua mkono. "Kisheria, kama mwanamke alimpenda mumewe au hakumpenda, hilo hatulikisii. Lina swali lake. Liletwe Swali la Mapenzi."

Somoe aliwahi kumweleza Sikudhani habari za swali hilo. Ni swali la zamani mno kuliko sheria zote. Eda ya kila mjane ikikaribia mwisho huulizwa hadharani, kitambaa kikiwa bado mdomoni: je, ulimpenda marehemu? Mjane hunyamaza, kwa kuwa amefungwa. Wanaume hupiga makofi, na marehemu anahesabiwa kwamba alipendwa. Haijapata kutokea katika nchi hiyo mume aliyekufa bila kupendwa. Hata mume wa jirani yake Somoe, aliyemvunja mkewe mkono mara mbili, alipendwa. Wazee waliolitunga swali lile walihakikisha kwamba wao wenyewe hawatalishindwa.

Mtu mmoja alileta kibao cha mbao ambacho swali limechongwa. Sikio Kuu akalisoma kama lilivyo.

"Je, mwanamke, ulimpenda marehemu mumeo?"

Chande alitabasamu tena. Alijua mwanamke ameshafunguka mdomo, ataanza kujitetea, ataapa, atalia, na kila neno atakalolisema litakuwa ushahidi kwamba ndani ya eda alisema.

Mwajabu alikitazama kile kitambaa mkononi mwake. Akakinyoosha. Akakirudisha mdomoni mwenyewe, akakifunga kisogoni kwa fundo la kukaza, akakunja mikono, akamtazama Sikio Kuu usoni.

Akanyamaza.

Kilikuwa kimya ambacho hata Masikio Madogo hawakuhitaji kukithibitisha. Nzi alipita ukasikia. Sikio Kuu aliuliza mara ya pili, sauti imepungua. Kimya. Aliuliza mara ya tatu, jasho linamtiririka kwenye zile ndevu zake. Kimya.

"Amenyamaza," alisema Sikio Dogo wa kwanza.

"Basi amekubali," alisema wa pili, na alipogundua alichokisema akaziba mdomo wake.

"Haiwezekani!" Chande alipiga kelele. "Huo ni ujanja! Mwulizeni kwa namna nyingine! Mwulizeni kama alimchukia!"

Sikio Kuu alikipapasa kile kibao, akakiweka chini. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Bwana Chande, swali hili aliulizwa mama yangu. Mama yako naye aliulizwa. Nikiliuliza leo kwa namna nyingine, itabidi wajane wote waulizwe upya, na baba zetu wote wangoje majibu huko waliko. Je, uko radhi baba yako aulizwe upya?"

Chande alifungua mdomo. Akaufunga. Akamtazama mkataaji wake, mkataaji akatazama viatu. Baba yake Chande alikuwa anajulikana na mtaa mzima, na mama yake Chande alikuwa bado hai, amekaa safu ya nyuma pale ukumbini, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa amenyoosha shingo asikilize vizuri.

Chande akanyamaza. Na Kimyani mtu akinyamaza mnajua. Mama mtu alisubiri, akasubiri, hakuna aliyemwuliza. Akajishika mtandio, akatoka nje bila kumwangalia mwanawe.

Basi ikahukumiwa kwamba Mwajabu alimpenda mumewe, kwa hiyo ni mke, na kwa kuwa ni mke kauli yake ya kukataa inasimama, nyumba yake na watoto wake wabaki naye. Hukumu yenyewe ilisomwa kwa haraka, kama mtu anayeficha kitu nyuma ya mlango.

Njiani kurudi nyumbani, Sikudhani alikuwa akiruka kama mtoto, anawatukana wakataaji wote aliokutana nao. Walipofika na kufunga mlango, Mwajabu akafungua kitambaa akakitupa jikoni kwenye majivu. Sikudhani akamwuliza polepole, "Hivi kweli ulimpenda?"

"Nilimpenda sana," alisema Mwajabu. "Lakini wale hawakustahili kuambiwa."

Akainamisha uso kwenye mapaja ya dada yake, akalia kilio chake cha msiba, kile ambacho hakuwahi kupewa nafasi ya kukilia.

Msifikiri Kimyani kulibadilika. Wiki hiyohiyo ilipigwa mbiu kwamba kuanzia sasa wajane watafungwa na mikono pia. Ndivyo watu wa sheria walivyo: ukiona tundu wanaziba tundu, paa zima wanaliacha livuje. Lakini mchana Sikudhani alipokuwa anafunga kanga zake kuondoka, ngoma ililia, na mwenye nyumba wa Somoe alikuja kunyatia dirishani kama kawaida yake. Aliinama, akanong'ona, na kabla hajamaliza ndani kukasikika:

"Sikubali!"

Somoe alikuwa amekaa macho, miguu ndani ya beseni la maji baridi, macho mekundu kwa usingizi. Wapangaji wenzake walikubaliana kupokezana. Mmoja hulala, mmoja hukataa kwa niaba ya mtaa mzima. Wenye nyumba wameshapeleka malalamiko, na Masikio Madogo wanajadili.

Sikudhani alirudi kwao. Alifika akakuta watu wamejaa nyumbani kwa baba yake, mikeka imetandikwa, sinia za pilau zimeshushwa. Mzee Kibwana alikuwa ameitisha kikao cha ukoo.

"Afadhali umefika, mwanangu," alisema. "Tunamalizia jambo dogo. Nyumba hii tumeona iandikwe jina la mwanangu, ili isipotee. Wewe na Mwajabu tangu baba yenu afariki hamjasema kitu. Mmenyamaza. Tukajua mmeridhia. Karibu chakula."

Sikudhani alisimama mlangoni, vumbi la safari bado miguuni. Nyuma ya macho yake aliona kitambaa cheupe. Hasira ilimpanda kutoka unyayoni, lakini safari hii hakuimeza wala hakuifokea. Akavua viatu, akaingia, akanawa mikono, akaketi. Akawakaribisha wazee kwa adabu zote, huyu akamsogezea nyama, yule akamsogezea kachumbari. "Kuleni, wazee wangu, kuleni." Akangoja. Mzee Kibwana akafinyanga tonge kubwa, akalitia mdomoni, na wenzake nao wakatia.

"Baba mkubwa," Sikudhani aliuliza kwa sauti laini, "je, mko radhi kwamba nyumba hii ni ya baba yetu, na aliiacha kwangu mimi na Mwajabu?"

Mzee Kibwana alitoa macho. Alitafuna haraka, wali ukampalia, akaanza kukohoa, na mzee wa pembeni akampigapiga mgongoni. Hakuna aliyeweza kutoa neno.

"Kikohozi si neno," alisema Sikudhani. "Mmenyamaza, basi mmekubali. Mwanao ahame chumba cha mbele Jumatatu."

Akavuta sinia, akaanza kula.